Barua za wasomaji: Kivuli kwanza, vigae baadaye

Mwezi huu nimepokea barua nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mji wetu umechoka, tufanyeje? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana kosa ambalo wenzetu hao wako mbioni kulifanya, mimi nimeshalifanya.

*Dada, salaam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Pangani mjini. Karibu na mto tuna kiwanja cha wazi ambacho zamani watu walikuwa wakikaa jioni. Sasa ni vumbi, mifuko ya plastiki na bodaboda. Tumeunda kikundi cha watu 14, wengi wetu wazee, na tunao vijana watatu wanaojua kuchora. Tunataka bustani ya maua yenye kuta za vigae vya rangi, ili wanaokuja kutazama majumba ya kale wapate pa kupumzika na mji urudishe uhai. Tumechangishana shilingi laki sita na elfu arobaini. Vijana wanataka tuanze na ukuta. Wewe unasemaje?*
— Mwalimu mstaafu, Pangani

Waaleikum salaam, mwalimu. Hongereni kwa kuchangishana kabla ya kwenda kuomba. Watu waliokwisha kutoa chao husikilizwa kwa sikio tofauti wakifika ofisini.

Pangani naifahamu. Nilipokuwa bibi shamba mkoani Tanga nilivuka kwenda Bweni mara nyingi, na ninachokikumbuka zaidi ni kusubiri kivuko saa saba mchana. Sote tulikuwa tumebanana kwenye kivuli cha ukuta, upana wake haufiki hatua mbili, na jua likisogea nasi tunasogea. Muuza maembe, mwanafunzi, mzee na baiskeli yake, kila mtu mgongo ukutani. Hakuna aliyekuwa anatafuta maua. Kwa hiyo jibu langu, hata kama litawakera kidogo vijana wenu, ni hili: shilingi ya kwanza isinunue kigae. Inunue kivuli, na kabla ya kivuli, maji.

Nasema hivi kwa uchungu. Mtaani kwetu Tanga tulipata kiwanja kidogo nyuma ya soko, tukaanza na ukuta wa vigae kwa sababu ndio uliotupendeza. Samaki, jahazi, minazi, kazi nzuri kweli. Siku ya uzinduzi tukapanda miche 60. Mgeni rasmi akapanda wake, tukapiga picha, tukala pilau. Bomba lilikuwa ng'ambo ya barabara na hatukuwa tumekubaliana nani atabeba maji. Kaskazi ikaingia. Ilipofika mwezi wa pili nilikwenda kuhesabu miche iliyo hai, nikakuta 11. Mingi ilikauka, mingine mbuzi waliitafuna mpaka kwenye kamba iliyoifunga kwenye kijiti. Ukuta ukabaki unang'aa mbele ya vumbi. Benchi tulilolijenga chini ya ukuta lilikuwa juani tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi, na hakuna aliyelikalia.

Tulirudi upya mwaka uliofuata, safari hii bila mgeni rasmi. Watu sita walijiandikisha, kila mmoja na siku yake ya wiki, ya saba nikaichukua mimi. Tukapanda miti mitano tu: mikungu miwili, miarobaini miwili na mkwaju mmoja. Na kando ya kila mche tukazika mtungi.

Hili la mtungi naomba mlifuate kwa makini. Chukueni mtungi wa kawaida wa kupozea maji, usiopakwa rangi. Uzikeni shibiri mbili kutoka kwenye mche, ibaki shingo tu juu ya ardhi. Ujazeni maji, kisha ufunikeni vizuri ili mbu wasizaliane humo. Mtungi uliochomwa kwa kuni na nyasi una vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Ndivyo vinavyopoza maji ya kunywa, na ndivyo vitakavyoyaachia maji yajipenyeze udongoni polepole. Udongo ukiwa umelowa, mtungi hutulia. Ukikauka, hutoa tena. Mwaka wa pili tuliufukua mmoja ili tuusogeze, ikabidi nitumie kisu: mizizi myembamba kama nyuzi ilikuwa imeuzunguka mtungi mzima, imeushika kama wavu ulivyoshika samaki. Mzigo wa kumwagilia kila siku ukageuka kuwa kujaza mitungi mara mbili kwa wiki. Watu sita hawakuchoka tena. Miti yote mitano ipo mpaka leo, na mikungu imetandaza matawi kiasi kwamba wacheza bao wamehamia chini yake.

Kwenu masika ndiyo wakati wa kupanda. Chimbeni mashimo mapema, changanyeni udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, pandeni mvua zikishika. Kila mche uwe na uzio wake wa miiba mpaka ukupite kimo. Na mto usiwadanganye kwa ukaribu wake. Huko karibu na bahari, maji hupanda na chumvi, hasa wakati wa bamvua. Kabla ya kuyamwagia mche, yaonjeni.

Sasa watu. Mwalimu, umewataja bodaboda pamoja na vumbi na mifuko ya plastiki, kama kitu cha kufagiliwa. Nakusihi ubadili mawazo. Vijana hao wako pale tangu alfajiri hadi usiku, hakuna mlinzi mtakayeweza kumlipa atakayekaa saa hizo zote. Wapeni mti mmoja uwe wao kabisa, wauchague wenyewe, wajenge kibao cha kukalia chini yake. Mche ambao mwenye bodaboda anategemea kivuli chake hauliwi na mbuzi.

Tazameni Forodhani ya Unguja. Bustani ile ilianzishwa miaka ya 1930 kama bustani ya jubilei, ikachakaa kwa miaka mingi, kisha Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ukaitengeneza na ikafunguliwa tena mwaka 2009. Walitengeneza njia, taa na nyasi. Lakini nikikaa pale baada ya magharibi sioni watu wakitazama nyasi. Naona moshi wa mishkaki, sahani za urojo, mashine ya miwa inayolia, watoto wamelala mapajani mwa mama zao, na vijana wa makachu wakijirusha baharini watu wakipiga makofi. Ukiondoa wauzaji wale, ndani ya mwaka mmoja bustani itakuwa pa kupita tu. Kwa hiyo pangeni tangu mwanzo: nani atauza kahawa na kashata, nani mihogo ya kuchoma, ataweka wapi takataka zake, na atachangia kiasi gani cha maji ya miti.

Nimefika kwenye vigae, na hapa nataka vijana wenu wasome wenyewe.

Kwa Kiswahili chetu neno ni moja. Kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika, na kigae ni kile cha kupamba ukuta au kuezekea, ingawa mafundi wa siku hizi wanasema tailizi. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na sisi watu wa pwani tulijenga uzuri kwa vyombo hivyo hivyo vya mezani. Nendeni Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, kwenye makaburi ya minara ya karne ya 18. Bakuli na sahani za China zilipachikwa ndani ya lipu ya chokaa, uso ukitazama nje. Kilwa Kisiwani, baadhi ya kuba za Msikiti Mkuu zilipambwa kwa bakuli vilevile. Mambrui, karibu na Malindi, liko kaburi la mnara lililozungushiwa bakuli za China za enzi ya Ming. Na Lamu mnazijua zidaka, safu za vishubaka ukutani ambamo vyombo vya kauri vilipangwa.

Mara ya kwanza nilipofika Kunduchi niliona zaidi mashimo kuliko bakuli. Vyombo vingi vilikwisha kung'olewa na wezi, na kilichobaki ni duara ndani ya lipu, laini, lenye alama ya kitako cha bakuli. Nilitia kidole gumba ndani ya duara moja. Chokaa ilikuwa bado imeshika umbo la ule mzingo mdogo ambao bakuli hukalia, safi kama imefinyangwa jana. Fundi yule alikandamiza chombo kwa mkono wake mwenyewe akasubiri kishike. Tangu siku hiyo sikubali mtu akiniambia kupamba ukuta kwa vigae ni jambo la Ulaya.

Kwa hiyo msinunue vigae dukani. Pitieni nyumba kwa nyumba muombe chombo kimoja kilichovunjika: sahani ya bibi iliyopasuka, kikombe kisicho na mkono, kifuniko cha birika. Kila mwenye nyumba akileta chake atakuja kukitafuta ukutani, atamleta mjukuu amwonyeshe, na siku mtoto wa mtu akianza kurusha mawe atapigiwa kelele na mtaa mzima. Kule Chandigarh, India, mkaguzi mmoja wa barabara, Nek Chand, alikusanya kwa miaka kama 18 vipande vya vyombo, bangili zilizovunjika na takataka za ujenzi, akajenga bustani ya sanamu kwa siri katika ardhi ya serikali. Ilipogunduliwa kulikuwa na hatari ya kubomolewa. Wananchi wakaipenda, ikafunguliwa rasmi mwaka 1976, na yeye akapewa mshahara na vibarua 50 aiendeleze. Nyinyi ombeni kibali kwanza, lakini muige subira yake.

Namna ya kufanya: chombo kivunjwe ndani ya gunia, kwa nyundo ndogo, mfanyaji avae miwani na glovu. Makali yote yasuguliwe kwa jiwe la kunolea mpaka ukipitisha mgongo wa kidole hukwaruziki, maana watoto watapapasa, na ndivyo tunavyotaka. Ukuta uloweshwe kabla. Ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga, na mchanga usiwe wa ufukweni, kwa sababu una chumvi. Pachikeni eneo dogo dogo, kadiri mtakavyoweza kumaliza kabla saruji haijakaza. Tumieni vyombo vyenye kung'aa, vya kauri. Vigae vya vyungu vyetu ni vizuri kwa macho, ila kwa upepo wa bahari havidumu: chumvi huingia kwenye vile vitundu nilivyovisema, ikikauka inavimba na kuubandua uso ganda kwa ganda.

Onyo moja ambalo siwezi kulilegeza. Msiguse kuta za majumba ya kale. Kuta hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinapumua. Ukizipaka saruji unafungia unyevu ndani, na baada ya miaka kadhaa lipu huanguka na jiwe lake. Isitoshe, nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964. Jengeni kaukuta kenu kapya, kafupi, ka kukalia, chini ya mti. Nanyi mjenge mwaka wa tatu, mti ukishaanza kutoa kivuli. Najua ni mbali kwa kijana. Waambieni wakusanye vyombo kuanzia leo na wachore kwenye karatasi. Kwa laki sita na arobaini mtapata miche, mitungi, samadi, miiba na toroli, na ibaki akiba ya maji ya kaskazi ya kwanza. Akiba hiyo msiiguse kwa jambo lingine lolote.

*Mwanangu, mimi ni mfinyanzi tangu nikiwa binti. Kwetu ni ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Kyela, na vyungu vyetu tunavipeleka sokoni kwa mitumbwi. Watu wa mji mmoja walituagiza vyungu 40 vikubwa vya kupandia maua barabarani. Baada ya miezi minne 17 vilikuwa vimepasuka. Wakasema kazi yetu ni mbovu, wakakataa kumalizia malipo. Kosa letu ni nini? Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia.*
— Mfinyanzi, Kyela

Shikamoo mama. Na mjukuu asalimiwe, ameandika vizuri.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi huko Usambara. Alikuwa akitwanga gae la chungu cha zamani, akalichekecha, akalichanganya na udongo mpya, na alisema chungu kipya lazima kiwe na mzee ndani yake. Kwa hiyo nakujibu kwa heshima. Kuhusu udongo sina la kukufundisha.

Ninavyoona, mlitengeneza vyungu vyema kwa kazi isiyo yake. Vyungu vya Kikisi, vya huko kwenu ufukweni mwa ziwa, vinasifika kwa wembamba, vinanunuliwa mpaka Mbeya na Malawi kwa sababu hiyo. Wembamba ni sifa jikoni, maana moto unapita haraka. Barabarani ni udhaifu. Halafu chungu cha kupikia kina kitako cha duara kinachokaa vizuri juu ya mafiga. Juu ya lami kinayumba, mpita njia akikigusa kinagonga. Shingo nayo nyembamba: mizizi ikijaa na udongo ukilowa, vinasukuma nje na hakuna pa kupumulia. Na nina hakika, ingawa hukusema, kwamba havikuwa na matundu chini. Mvua ikajaa humo, chungu kikakaa kimelowa siku nyingi, kikalegea.

Mkiagizwa tena, fanyeni mdomo uwe mpana kuliko tumbo, kitako bapa, ukuta mnene mara mbili ya wa chungu cha mboga, na matundu matatu ya kupitisha kidole, yatobolewe kabla udongo haujakauka. Unene huo utahitaji kukaushwa kivulini muda mrefu zaidi, na mnalijua hilo kuliko mimi. Mwagizaji naye aambiwe akiweke juu ya matofali mawili ili maji yatoke.

Kuhusu malipo, mama, waliowaagiza walipaswa kusema kazi ya chombo na nyinyi mkatengeneza kimoja cha kujaribu, wakakipanda maua, wakakitazama mvua moja. Haikufanyika hivyo, na hasara yote ikatupwa kwa mwenye mikono. Hilo limenisikitisha sana. Vyungu 23 vilivyosimama ni ushahidi kwamba kazi yenu si mbovu. Safari nyingine mjukuu aandike karatasi: idadi, umbo, nusu ya malipo mkononi kabla hamjachimba udongo, na nusu siku ya kuvipakia mtumbwini. Na kila chungu kiwe na alama yako, ikwaruzwe kikiwa kibichi. Mji unaopambwa kwa kazi ya mtu uijue kazi ni ya nani.

*Shikamoo mama. Kwetu Kisauni, Mombasa, kuna shimo kubwa walikochimba mawe ya matumbawe wakaacha. Watu wanatupa taka. Sisi vijana tunataka pawe bustani lakini wazee wanasema pale ni jiwe tupu, hapaoti kitu. Kweli?*
— Kijana, Kisauni

Marahaba mwanangu. Wazee wako wana haki ya kusema hivyo, ila jibu la swali lako liko hapo hapo karibu nawe. Panda matatu ushuke Bamburi, uingie Haller Park.

Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jiwe jeupe tupu, jua linachoma, maji ya chini yana chumvi. Mwaka 1971 Mswisi mmoja, René Haller, alianza kujaribu miti humo. Alipanda aina 26. Zilizonusurika ni tatu, na iliyoshinda kwa kukua ni mvinje. Mvinje una vinundu mizizini vyenye vijidudu vinavyouvutia naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hauhitaji udongo mnono. Lakini tatizo likazuka: majani yake membamba kama sindano yalianguka, yakarundikana, hayaozi. Unajua kilichomsaidia? Jongoo. Wale wekundu wa miguu wanaojikunja ukiwagusa. Alipoona wanazila zile sindano akaleta jongoo wengi, wakala, wakatoa mbolea, na juu ya jiwe ukaanza kutandika udongo mweusi. Baada ya hapo ndipo miti mingine ikafuata, na ndege, na wanyama. Mwaka 1984 pakafunguliwa kwa umma. Ukifika, inama uchote udongo wa chini ya mivinje uukamue kiganjani, halafu kumbuka ulianzia wapi.

Kwa shimo lenu: toeni taka kwanza, zote, hasa plastiki na vyupa. Tobolea mashimo kwenye jiwe kwa mtaimbo, yajaze udongo na samadi kiasi cha ndoo moja, panda mvinje, na majani yakianguka usiyafagie. Usiyachome kamwe. Vumilia miaka mitatu ya kuonekana hujafanya kitu.

Lakini kabla ya mtaimbo, tafuteni shimo ni la nani. Ardhi ikishapendeza hupata wenyewe wengi. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, katikati ya Nairobi, na Wangari Maathai alipoupinga alitukanwa hadharani. Jumba halikujengwa, na bustani ile watu wanaikalia mpaka sasa. Hiyo ilikuwa bustani inayojulikana na nchi nzima. Shimo la Kisauni lisilo na karatasi litachukuliwa asubuhi moja, mivinje yenu ikiwa kimo cha mtu.

*Dada, niko Barcelona mwaka wa tisa, nafanya kazi hotelini. Siku za mapumziko napenda kwenda Park Güell kukaa kwenye lile benchi refu la vigae. Nikikaa pale nakumbuka nyumbani Bagamoyo. Nimeanza kuweka fedha ninunue vigae huku, nivitume kwa kontena ili tujenge benchi kama lile. Nitakuwa nimekosea?*
— Mtoto wa Bagamoyo, Uhispania

Mdogo wangu, moyo wako nimeuona, na sitaki uvunjike. Lakini kontena usilipe.

Benchi unalolikalia lenyewe limepambwa kwa vipande. Gaudí, msanifu wa bustani hiyo, na mwenzake Jujol walitumia vigae vilivyovunjika, mabaki, kwa sababu kipande kidogo hukubali kupinda pamoja na ukuta na kigae kizima hakikubali. Ukinunua vizima huko ili vikavunjwe Bagamoyo, utakuwa umelipia safari ya kitu ambacho kila kabati la nyumbani linacho. Tena Bagamoyo mna Kaole kilomita chache tu kutoka mjini, yenye makaburi yake ya minara. Mfano mnao mlangoni.

Jambo lingine. Mahali pale palikusudiwa kuwa mtaa wa matajiri, wa viwanja 60. Karibu vyote havikununuliwa, mpango ukafa, na jiji ndilo lililopanunua likapafungua kuwa bustani ya umma mwaka 1926. Na wengi wanaokalia benchi hawajui kilicho chini yao. Ule uwanja unakusanya mvua. Maji hupita ndani ya nguzo, zile nguzo 86 za ukumbi wa chini, na kuingia kwenye tangi lililofichwa, na yakizidi hutokea mdomoni mwa yule mjusi wa vigae ambaye kila mgeni anapiga naye picha. Gaudí alipamba baada ya kuyapatia maji nyumba.

Fedha ulizoweka zinatosha kuanzisha tangi la mvua Bagamoyo, pembeni ya mahali ambapo watu wako wamekwisha kuzoea kukaa. Ongea kwanza na mwenyekiti wa mtaa na akina mama wanaouza vitafunio hapo, wakuambie maji wanayatoa wapi sasa na wanalipa kiasi gani kwa dumu. Ukipata siku ya mapumziko, shuka kwenye ukumbi wa nguzo, kisha umfuate yule mjusi mvua ikinyesha, unipigie picha maji yanavyotoka. Nitaichapa hapa, wale wa Pangani waione kabla hawajachanganya saruji.